Kutoka Ngomeni hadi Dzaleka: Historia ya Uchunguzi wa Nyota Badilifu kwa Mwanga wa Urujuanimno na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uchunguzi wa nyota badilifu, yaani nyota ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka, kwa kutumia mwanga wa urujuanimno. Yanaanza na sababu za kisayansi zilizolazimu vyombo vya uchunguzi vipelekwe juu ya angahewa. Kisha yanajadili kisa kinachoihusu Afrika Mashariki moja kwa moja: satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka Ngomeni, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, na nyota HZ Herculis, ambayo siri yake ilianza kufumbuliwa na satelaiti hiyo na ikaendelezwa na satelaiti ya urujuanimno ya IUE. Hoja kuu ni kwamba kutoa mahali na jina hakukutosha kuwapa wasemaji wa Kiswahili nafasi katika elimu iliyopatikana. Mlango uliofunguka baadaye ni wa hifadhi za data zilizo wazi kwa wote, lakini mlango huo haupitiki bila lugha. Hoja inapimwa kwa kuangalia hali ya wasemaji wa Kiswahili wa kambi ya Dzaleka, nchini Malawi.

1.0 Utangulizi

Katika orodha zinazotumiwa na wanaastronomia duniani kote kuna majina yanayoanza kwa alama 4U: 4U 1700-37, 4U 0115+63, 4U 1820-30 na mengine mengi. Tarakimu za mwisho zinaonesha mahali kitu hicho kilipo angani, na tarakimu 4 inasimamia toleo la nne la orodha. Herufi U ni kifupisho cha neno la Kiswahili, nalo ni Uhuru. Hilo ni miongoni mwa maneno machache ya lugha za Kiafrika yaliyoingia katika utambulisho rasmi wa nyota, na hutajwa hadi leo katika machapisho ya kitaalamu, ingawa limebaki herufi moja tu.

Makala haya yanauliza maswali mawili. Kwanza, neno hilo lilifikaje huko, na lina uhusiano gani na uchunguzi wa nyota badilifu kwa mwanga wa urujuanimno? Pili, wasemaji wa lugha iliyotoa neno hilo walipata nini, na wanaweza kupata nini sasa?

Swali la pili lina uzito wa pekee linapoulizwa nchini Malawi. Barabara kuu itokayo Lilongwe kuelekea kaskazini hupita Mponela, mji wa biashara katika wilaya ya Dowa. Katika wilaya hiyohiyo ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Wakazi wake ni zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Kwa hiyo katikati ya nchi ambayo kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa nchi za Kiswahili, ipo jamii kubwa inayofanya biashara, kuabudu na kujadiliana kwa lugha hii. Iwapo sera ya sayansi kwa Kiswahili ina maana yoyote, lazima iwe na maana kwao pia.

2.0 Istilahi na msingi wa kisayansi

2.1 Nyota badilifu

Katika Kiswahili mtu asiye na msimamo huitwa kigeugeu. Istilahi "nyota geugeu" ingekuwa rahisi kukumbukwa, lakini imebeba lawama isiyostahili, kwa kuwa nyota nyingi za kundi hili hubadilika kwa utaratibu unaoweza kutabiriwa kwa saa na dakika. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia "nyota badilifu".

Sababu za mabadiliko ni za aina tatu kuu. Zipo nyota zinazotanuka na kusinyaa kana kwamba zinapumua. Mfano wa jadi ni Delta Cephei, ambayo John Goodricke wa Uingereza aligundua mwaka 1784 kwamba hurudia mzunguko wake wa mng'ao kila baada ya takribani siku 5.4. Zipo nyota zilizo katika jozi, ambapo mmoja humpita mwenzake na kumfunika, au humpasha joto upande mmoja. Na zipo zinazolipuka au kutoa miale ya ghafla.

Umuhimu wa nyota hizi ulidhihirika mwaka 1912, Henrietta Leavitt alipoonesha kwamba katika kundi la nyota 25 za aina ya Delta Cephei zilizo katika Wingu Dogo la Magellan, nyota yenye mzunguko mrefu zaidi ndiyo yenye mwanga mwingi zaidi. Kutokana na uhusiano huo wanaastronomia walipata kipimo cha umbali wa ulimwengu. Historia hiyo ina jambo moja linalohusu mada yetu. Wingu Dogo la Magellan liko katika anga ya kusini na halionekani kutoka Massachusetts alikofanyia kazi Leavitt. Picha alizotumia zilipigwa Arequipa, nchini Peru, katika kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard, kisha sahani za kioo zikasafirishwa kaskazini. Kusini kulitoa anga, na usomaji wa picha ukafanyika kaskazini. Mtindo huo ulijirudia baadaye kwenye pwani ya Kenya.

2.2 Urujuanimno

Urujuani ni rangi ya ukingo wa upinde wa mvua. Kiambishi "-mno" kinaongeza maana ya kupita kiasi, na hivyo urujuanimno ni mwanga uliopita ukingo huo, usioonekana kwa jicho la binadamu. Urefu wa mawimbi yake ni kati ya nanomita 10 na 400. Istilahi hii ni mfano mzuri wa uundaji wa maneno ya kisayansi kwa rasilimali za ndani ya lugha, kwa maana anayelisikia neno kwa mara ya kwanza tayari amepewa nusu ya maelezo.

Mwanga huu una manufaa mahsusi kwa uchunguzi wa nyota badilifu. Kadiri kitu kinavyokuwa na joto kubwa ndivyo kinavyotoa sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake kwa mawimbi mafupi. Kwa hiyo badiliko dogo la joto kwenye uso wa nyota huweza kuwa badiliko kubwa sana katika urujuanimno. Nyota za aina ya RR Lyrae, kwa mfano, hubadilika kwa takribani magnitudo moja katika mwanga wa kawaida, yaani kama mara mbili na nusu. Satelaiti ya GALEX, iliyorushwa mwaka 2003, iliona nyota ya aina hiyo ikibadilika kwa zaidi ya magnitudo 4 katika urujuanimno wa mbali, sawa na zaidi ya mara 40. Hata Jua letu, ambalo kwa jumla ya nguvu yake hubadilika kwa takribani sehemu moja tu katika elfu ndani ya mzunguko wake wa miaka 11, ni nyota badilifu likitazamwa katika baadhi ya mawimbi mafupi ya urujuanimno, ambako ongezeko huweza kukaribia maradufu.

Kikwazo kilikuwa angahewa. Gesi ya ozoni huzuia karibu mwanga wote wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 300. Kinga hiyo hulinda ngozi na mazao yetu, lakini iliwafungia wanaastronomia dirisha hilo hadi walipopata njia ya kupanda juu yake.

3.0 Kuvuka angahewa, 1946 hadi 1972

Njia ya kwanza ilitokana na vita. Tarehe 10 Oktoba 1946, roketi ya V-2, silaha ya Kijerumani iliyotekwa na Wamarekani, ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikiwa na kifaa cha Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani. Kifaa hicho kilirekodi mwanga wa Jua ng'ambo ya mpaka uliowekwa na ozoni. Safari za roketi hizo zilidumu dakika chache tu. Kwa Jua zilitosha, lakini kwa nyota inayobadilika kwa siku au miezi hazikufaa, kwa kuwa nyota badilifu huhitaji kutazamwa tena na tena.

Hivyo satelaiti zikahitajika. Ya kwanza katika mfululizo wa OAO ilishindwa mwaka 1966 siku chache tu baada ya kurushwa. OAO-2, iliyorushwa tarehe 7 Desemba 1968, ilifaulu. Mwaka 1972 zilifuata TD-1A ya nchi za Ulaya na OAO-3 iliyopewa jina la Copernicus. Vyombo hivi vilipima nyota nyingi na kuthibitisha kwamba urujuanimno ulikuwa uwanja mpya. Hata hivyo, hatua muhimu kwa nyota mojawapo badilifu ilipigwa kwa mwanga wa aina nyingine, kutoka mahali ambapo wengi hawakupatarajia.

4.0 Ngomeni: satelaiti yenye jina la Kiswahili

Kaskazini mwa Malindi, katika Ghuba ya Ungwana mbele ya kijiji cha Ngomeni, Italia iliweka baharini jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco, pamoja na jukwaa la kuongozea lililoitwa Santa Rita. Mradi huo uliongozwa na Luigi Broglio, profesa na mwanajeshi wa anga, chini ya ushirikiano wa Italia na Marekani uliotiwa saini mwaka 1962. Satelaiti ya kwanza kurushwa hapo ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967.

Mahali palichaguliwa kwa sababu za kifizikia. Ngomeni iko takribani digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Hapo mzunguko wa Dunia huipa roketi mwendo wa ziada wa karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Zaidi ya hayo, satelaiti inayozunguka karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambayo huvuruga vipimo vya eksirei. Kwa mradi wa kupima eksirei kutoka angani, pwani hiyo ilikuwa na faida ambayo vituo vya Marekani bara havikuwa nayo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliirusha satelaiti ndogo yenye uzito wa takribani kilo 140. Jina lake la kiofisi lilikuwa SAS-1. Marjorie Townsend, meneja wa mradi katika kituo cha Goddard cha NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji wa nchi. Timu ya kisayansi iliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002 kwa mchango wake katika astronomia ya eksirei.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Kabla yake vyanzo vya eksirei vilivyojulikana nje ya Mfumo wa Jua vilikuwa makumi machache. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339, na hapo ndipo ilipotoka alama 4U. Lakini ugunduzi wake mkubwa zaidi ulihusu mabadiliko kuliko idadi. Vyanzo hivyo havikuwa vitulivu. Cygnus X-1 ilipepesa kwa kasi ya ajabu, na kusogezwa kwa utambuzi wa mahali pake kukawezesha nyota HDE 226868 kutajwa kuwa mwenzi wa kitu ambacho leo kinakubalika kuwa shimo jeusi. Hercules X-1 ilipiga kila baada ya sekunde 1.24, ikapotea na kurudi kila baada ya siku 1.7, na ikawa na awamu ya kuwaka na kufifia ya siku 35.

Mabadiliko haya yalielezeka kwa namna moja. Nyota ya nutroni, iliyokufa na kugandamana, ilikuwa inazunguka pamoja na nyota ya kawaida na kunyonya gesi yake. Kila ilipopita nyuma ya mwenzake, eksirei zilikatika.

Jukwaa la San Marco liliendelea kutumika. Satelaiti tisa kwa jumla zilirushwa hapo kwenda kwenye mzingo, zikiwemo SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. Ya mwisho, San Marco 5, ilirushwa tarehe 25 Machi 1988 na kudumu hadi Desemba mwaka huohuo. Hii inahusu mada yetu moja kwa moja, kwa sababu ilibeba kifaa cha Kijerumani cha kupima mwanga wa Jua na wa angahewa kuanzia urujuanimno wa mbali hadi mwanga unaoonekana, wakati shughuli za Jua zilipokuwa zikipanda. Jua, nyota badilifu iliyo karibu kuliko zote, lilipimwa kwa urujuanimno kutoka chombo kilichoanzia safari yake katika maji ya Ungwana.

5.0 HZ Herculis: eksirei zakutana na urujuanimno

Mwaka 1972 wanaastronomia walitambua kwamba mwenzi wa Hercules X-1 ni HZ Herculis, nyota badilifu iliyoorodheshwa na Cuno Hoffmeister wa Ujerumani tangu 1936. Kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa jina tu katika orodha ndefu. Sasa badiliko lake lilipata maelezo: lilifuata mzunguko uleule wa siku 1.7. Upande wa nyota ulioelekea nyota ya nutroni ulikuwa unachomwa na eksirei hadi kuwa na joto kubwa kuliko upande wa pili. Tunapouona upande uliochomwa, nyota hung'aa. Tunapouona mgongo wake, hufifia.

Watafiti walirudi kwenye sahani za kioo za zamani zilizohifadhiwa Harvard. Walikuta kwamba kulikuwa na miaka ambapo HZ Herculis haikubadilika kabisa, kana kwamba moto uliokuwa ukiichoma ulizimika. Picha zilizopigwa kwa kusudi lingine, kabla ya mtu yeyote kujua habari za nyota za nutroni, zilijibu swali ambalo wapiga picha hawakuliuliza.

Uso uliochomwa hutoa sehemu kubwa ya nguvu yake katika urujuanimno, na hapo ndipo satelaiti ya IUE ilipohitajika. IUE ilirushwa tarehe 26 Januari 1978 kwa ushirikiano wa NASA, Shirika la Anga la Ulaya na Uingereza. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 45 tu. Kiliupokea mwanga wa kati ya takribani nanomita 115 na 320 na kuutawanya katika spektra, yaani kuugawa kwa urefu wa mawimbi kama upinde wa mvua unavyogawa mwanga wa Jua. Mwaka huohuo jarida la Nature lilichapisha matokeo ya awali ya timu iliyoongozwa na Andrea Dupree kuhusu nyota tatu: HD 153919, HDE 226868 na HZ Herculis. Ya kwanza ni mwenzi wa 4U 1700-37, ya pili ni ya Cygnus X-1, na ya tatu ni ya Hercules X-1. Kwa maneno mengine, safari za awali za IUE katika uwanja huu zilifuata nyayo za satelaiti iliyotoka Ngomeni. Uchunguzi uliofuata ulionesha mwanga wa urujuanimno wa HZ Herculis ukipanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 1.7, kama ilivyotarajiwa kwa nyota inayochomwa upande mmoja.

Mfano wa karibuni unaonesha jinsi njia hii isivyochakaa. Mwishoni mwa 2019 nyota nyekundu Betelgeuse, iliyo katika bega la kundi la Orion, ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 mtu yeyote aliyezoea anga aliweza kuona tofauti kwa macho. Dupree, zaidi ya miaka arobaini baada ya kazi ya HZ Herculis, aliongoza timu iliyotumia darubini ya Hubble kwa urujuanimno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba kati ya Septemba na Novemba 2019, kabla ya kufifia kukolea, gesi nzito yenye joto ilikuwa ikitoka katika angahewa ya nyota hiyo. Maelezo yao ni kwamba gesi hiyo ilipoa, ikawa vumbi, na vumbi likafunika sehemu ya nyota. Jicho liliona kufifia, na urujuanimno ukaeleza chanzo chake.

6.0 Ardhi, jina na hifadhi

Kutokana na historia hii tunaweza kutofautisha njia mbili ambazo nchi isiyo na satelaiti zake hushiriki katika sayansi ya anga.

Njia ya kwanza ni ya kutoa mahali. Kenya ilitoa bahari, ikweta na jina. Data za Uhuru zilichambuliwa Marekani, makala zikaandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikabaki na herufi U. Nchini Kenya mjadala kuhusu manufaa ya kituo cha Malindi umeendelea kwa miaka mingi, na mkataba mpya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016. Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017, na satelaiti ya Taifa-1 ikarushwa Aprili 2023, safari hii kutoka Marekani. Si haki kusema kwamba pwani haikupata chochote. Lakini ni sahihi kusema kwamba roketi zilizopaa Ngomeni hazikuacha hata kitabu kimoja cha kiada cha Kiswahili kinachoeleza zilichokwenda kutafuta, kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu hilo.

Njia ya pili ni ya hifadhi. IUE ilipozimwa tarehe 30 Septemba 1996, ilikuwa imekusanya zaidi ya spektra 100,000, na zote zikawekwa wazi. Shirika la Anga la Ulaya liliandaa mfumo wa INES kwa lengo la kurahisisha matumizi ya spektra hizo, huku nakala zikisambazwa kupitia vituo vya kitaifa katika nchi mbalimbali. Hadi leo data za IUE, GALEX na Hubble zinapatikana bila malipo. Mfano wa sahani za Harvard unathibitisha thamani ya jambo hili: data haimaliziki kwa kusomwa mara moja.

Wazo la kwenda mbele zaidi lilizuka katika warsha za sayansi ya msingi ya anga zilizoandaliwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Anga la Ulaya tangu 1991. Warsha hizo zilifanyika pia Afrika: Lagos mwaka 1993, Cairo mwaka 1994 na Mauritius mwaka 2001. Humo, Willem Wamsteker, aliyekuwa mwanasayansi wa mradi wa IUE upande wa Ulaya, alitetea wazo la darubini ya dunia nzima ya urujuanimno, ambayo nchi zinazoendelea zingeitumia kwa haki sawa. Wazo hilo limeendelezwa na Urusi kama mradi wa darubini yenye kioo cha mita 1.7, lakini ratiba yake imeahirishwa mara nyingi. Fundisho kwa washauri wa sera ni kwamba darubini ya pamoja hungoja fedha na siasa za mataifa makubwa, ilhali hifadhi ipo tayari.

7.0 Dzaleka, Mponela na Lilongwe

Hifadhi iliyo wazi haimaanishi kwamba kila mtu anaweza kuitumia. Mkimbizi aliyeko Malawi anahitaji kibali ili atoke kambini, na mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Kijana wa hapo hawezi kupanga safari ya kwenda kusoma katika kituo cha uchunguzi cha nchi jirani kama wenzake wafanyavyo. Kwake njia ya kwanza, ile ya mahali, imefungwa kabisa. Njia ya pili haihitaji kuvuka kizuizi cha barabarani, lakini inahitaji umeme, intaneti, hisabati na lugha. Makala haya yanajishughulisha na hitaji la nne, bila kudharau matatu ya kwanza.

Anga yenyewe ni tajiri. Mponela na Dzaleka ziko takribani digrii 13 na nusu kusini mwa ikweta. Kutoka hapo Betelgeuse hupanda hadi juu sana, na Mawingu ya Magellan, ambayo Leavitt aliyajua kwa picha tu, huonekana kwa macho katika usiku usio na mbalamwezi. Mwaka 1987, nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan iliweza kuonekana kwa macho kutoka uwanda huu kwa miezi kadhaa. IUE iliielekea mara tu habari zilipotolewa, na spektra zake zikasaidia kubaini ni nyota ipi iliyotoweka. Nyota l Carinae, iliyo ya aina ya Delta Cephei, hubadilika kati ya magnitudo 3.3 na 4.1 kwa takribani siku 35 na nusu, na hufuatiliwa bila chombo chochote kwa kuilinganisha na nyota za jirani zisizobadilika. Jumuiya ya Marekani ya watazamaji wa nyota badilifu, AAVSO, imekuwa ikipokea vipimo vya namna hiyo tangu 1911 kutoka kwa watu wa kawaida wa nchi nyingi. Kipimo kilichofanywa kwa uangalifu Dzaleka hakina thamani ndogo kuliko kilichofanywa London, na kwa nyota za kusini kina nafasi ambayo London haina.

Kinachokosekana ni daraja kati ya jicho na hifadhi, na daraja hilo ni maelezo katika lugha ya msomaji. Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia lilikwisha kujibiwa: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wakulima na mabaharia wa Kiswahili walikuwa na majina ya nyota karne nyingi kabla ya hapo. Jina Kilimia lina mzizi wa kitenzi "lima", kwa kuwa kundi hilo la nyota liliambatana na majira ya kilimo. Hivyo kufuatilia anga kwa vipindi si jambo geni katika lugha hii.

Tatizo ni la kitaasisi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Malawi si mwanachama wa jumuiya hiyo. Malawi ni mwanachama wa SADC, ambayo mkutano wake wa Dar es Salaam wa Agosti 2019 ulikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Wakazi wengi wa Dzaleka wametoka katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na wanaishi katika nchi ya SADC. Kiswahili chao kinatambuliwa na jumuiya zote mbili, lakini si rahisi kuonesha ni ipi inayowajibika kwa mahitaji yao ya elimu ya sayansi.

8.0 Mapendekezo na hitimisho

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. La kwanza ni kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Sekretarieti ya SADC ziandae kwa pamoja orodha ya istilahi za astronomia, zikianza na uwanja mdogo unaokamilika, kama huu wa nyota badilifu na urujuanimno. La pili ni kwamba mikataba ya anga ambayo nchi za ukanda huu zinasaini, iwe ya vituo vya ardhini au ya satelaiti, iwe na kifungu kinachodai matokeo yaelezwe pia kwa Kiswahili, kwa kiwango cha mwanafunzi wa sekondari. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya roketi moja. La tatu linahusu Dzaleka yenyewe. Kambi ina shule, ina programu za elimu ya juu kwa njia ya masafa, na ina redio ya jamii iitwayo Yetu, jina ambalo nalo ni la Kiswahili. Mwongozo mfupi wa kufuatilia nyota tatu au nne za kusini kwa macho, na kisha kuzitafuta nyota hizohizo katika hifadhi za urujuanimno, ungeweza kupitia njia hizo bila kungoja jengo wala darubini. Utekelezaji wake uwahusishe walimu wa Kimalawi wa Mponela na Lilongwe, ili Kiswahili kisiwe ukuta mwingine kati ya kambi na majirani zake wanaozungumza Chichewa.

Satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilianguka katika angahewa na kuungua miaka mingi iliyopita. Vipimo vyake, pamoja na vile vya IUE vilivyoifuata, bado vipo na vinasomeka. Wasomaji wake wapya wanaweza kutoka popote, hata katika kambi ambayo wakazi wake hawaruhusiwi kutoka bila kibali. Jukumu la wataalamu wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba wanapofungua orodha na kukuta herufi U, wana maneno ya kutosha ya lugha yao kueleza yote yaliyoandikwa baada yake.